Jinsi ya kuongoza timu ambayo kila mtu yuko kwake: anza na ukimya

Nianze na kitu kilichonitokea maana ndo kilinifundisha karibu kila kitu nitakachoandika hapa. Nina timu ya watu tisa, tunajibu maswali na malalamiko ya wateja wa duka la onlaini, mteja wetu mkubwa yuko Uingereza na sisi tumetawanyika, watatu Dar, wawili Mwanza, mmoja Arusha, wawili Mombasa na mmoja Goma, ofisi hatuna. Siku moja dada mmoja wa Mwanza akapotea tangu saa nne asubuhi. Meseji tiki moja, ukipiga haipatikani. Ilipofika saa saba nikamwandikia meseji kali, kwamba kama kazi imemshinda aseme, watu wanaoitaka wapo wengi. Saa nane na kitu tiki zikawa mbili halafu zikawa bluu, na hakujibu. Saa kumi na moja jioni ndo akaandika: "Samahani bosi. Transfoma ya mtaani imelipuka asubuhi, simu ikaisha chaji. Nimetembea mpaka saluni moja wana jenereta, nimekaa hapa. Tiketi zangu zote 40 nimemaliza." Nikaingia kwenye mfumo nikaangalia (tiketi ni swali au lalamiko moja la mteja), zote 40 zipo, na zimejibiwa kwa adabu kabisa, na mtu aliyezijibu alikuwa ameshasoma yale maneno yangu.

Nilimpigia nikamwomba msamaha, akasema yameisha. Ila nilikaa usiku ule nikajiuliza, mimi nilikosea wapi hasa? Hasira ndo ilinifikisha pale, lakini tatizo lilianza kabla ya hasira. Mkiwa ofisini ukimya una maana, unamwona mtu kainama kwenye kompyuta unajua yuko bize, unaona kiti kitupu unauliza mwenzake anakwambia kaenda hospitali na mtoto. Kwa mbali ukimya hauna maana yoyote mpaka nyie wenyewe mkae muupe maana, na msipoupa, bosi ataupa maana ya uvivu na mfanyakazi ataupa maana ya kwamba bosi kanichukia. Kwaiyo mtu akiniuliza timu ya mbali inaongozwaje, namwambia anzia hapo, hizo programu utachagua baadaye.

Sisi tulichofanya tulikubaliana maneno manne. UMEME (umekatika), NETI (imekatika), DHARURA, NARUDI. Mtu likimpata jambo anatuma neno moja tu kwa SMS ya kawaida, sio WhatsApp, maana siku bando limekata WhatsApp haisaidii kitu, na anatuma kwa mwenzake wa kazi, sio kwangu. Kila mtu ana mwenzake, tumewagawa wawili wawili na kwa mmoja anayebaki bila mwenza nimeingia mimi, na wenza hawakai mji mmoja kwa makusudi, maana ukiwaweka wote wa Mwanza pamoja umeme ukikatika Mwanza wamepotea wote. Mwenzake anachukua tiketi za haraka na anaandika kwenye grupu "fulani ana UMEME mpaka atakaposema", basi, hakuna maswali. DHARURA haiulizwi kwenye grupu hata siku moja, mtu atasema mwenyewe akitaka na atamwambia anayetaka. NARUDI inaenda na saa, "narudi 15:00". Na kama mtu amekaa kimya masaa mawili bila neno lolote, wa kwanza kumpigia ni mwenzake, na swali la kwanza ni "uko salama?" Kwanini sio bosi apige? Kwa sababu mtu aliyepatwa na jambo akiona jina la bosi kwenye simu anaanza kutafuta maelezo, akiona jina la mwenzake anaomba msaada.

Pia kila mtu ametupa namba ya pili, ya mume, mke, dada, jirani, yoyote anayemwamini, na namba hiyo ni ya kupiga kama mtu hajulikani alipo tu, sio ya kumkumbusha kazi. Niliona faida yake Januari 2025 Goma ilipoingiwa na waasi wa M23. Umeme, maji, neti, vyote vilikatika, mwenzetu akawa hapatikani kabisa. Dada yake alikuwa Kigali na ndo alikuwa namba ya pili, kupitia yeye tukajua kwamba wako hai wamejifungia ndani. Kazi hakuna aliyeigusa kwenye mazungumzo. Baadaye mabenki ya kule yakafungwa, mshahara wake tukawa tunautuma kwa dada yake na yeye anajua namna ya kumfikishia. Mshahara wa siku zile alizokuwa kimya tulilipa wote, naomba sana mtu yeyote mwenye timu alifikirie hilo kabla halijamfika, kwamba siku mtu wako yuko kwenye vita au mafuriko utafanya nini, maana siku yenyewe ikifika hutakuwa na akili ya kuanza kujadili sera.

Sasa tuje kwenye umeme na neti maana huku kwetu huwezi kuandika mwongozo wa kazi za mbali ukaruka hapo. Mkumbuke tu tulikopita. Kenya iliingia giza karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023. Mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 Tanzania tulikuwa na mgao, halafu tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ikadondoka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika kule upande wa Afrika Kusini na Tanzania tuliumia sana, siku hiyo mtu mwenye laini mbili za mitandao tofauti zote zilikuwa zinazunguka tu, maana mitandao mingi ilikuwa inategemea nyaya zilezile. Na Oktoba 2025 kuanzia siku ya uchaguzi wetu Tanzania neti ilizimwa kwa siku kadhaa. Kwaiyo mpango wako uwe na ngazi. Ngazi ya kwanza ni laini mbili za mitandao tofauti na pawabenki ya maana, na kwa mwenye ruta ya nyumbani umnunulie ile UPS ndogo ya ruta (betri ya akiba), haina bei kubwa na inamvusha mtu masaa kadhaa. Ngazi ya pili kila mtu awe anajua sehemu moja yenye jenereta au sola anapoweza kwenda kukaa, hoteli, kanisa, ofisi ya rafiki, na awe ameenda kabla kuongea nao, sio siku ya shida. Ngazi ya tatu ni kazi za giza. Hizi ni kazi ambazo hazihitaji neti kabisa, kama kuandika upya majibu ya maswali yanayojirudia, kusoma mazungumzo ya zamani ukaandika wapi tulikosea, kuandaa mafunzo ya mtu mpya. Nina faili la kazi za giza kwenye kompyuta ya kila mtu, linasasishwa kila mwezi. Giza likiingia mtu hakai anatazama ukuta akiogopa atakatwa siku yake.

Na bando analipa mwajiri. Hapa sitaki hata kubembeleza, bando ni kifaa cha kazi kama kiti na kompyuta, ofisini ungekuwa unalipia umeme na neti wewe. Tena toa kabla mwezi haujaanza, usiseme "nunua halafu lete risiti nitakurudishia", kuna watu tarehe 28 hawana hata elfu kumi ya kutanguliza na hawatakwambia, watakaa kimya na wewe utaona wamezembea. Na ukishaanza kulipa bando utajifunza haraka kitu kingine: kikao cha video cha watu tisa kinaweza kula GB nzima kwa saa moja au zaidi, wakati sauti peke yake haifiki hata MB 100.

Kwa hiyo kamera kwetu ni hiari, na sio kwa ajili ya bando tu. Kuna kijana wetu mmoja wa Mombasa mwaka mzima hakuwahi kuwasha kamera na kwenye vikao alikuwa anaandika badala ya kuongea, nikawa namwona kama mtu asiyejali, mpaka siku nimeenda Mombasa nikamtembelea. Chumba kimoja, pazia katikati, nyuma ya pazia mama yake amelala anaumwa. Anafanya kazi kwa kunong'ona. Tulihamisha simu zote kwa wengine yeye akabaki na maandishi tu, na ndo mpaka leo anaandika majibu mazuri kuliko wote kwenye timu. Usimlazimishe mtu akuonyeshe ndani kwake. Ukitaka kuona nyuso wekeni siku moja kwa mwezi, mtangaze mapema, mtu ajipange.

Kuhusu masaa, hii inawachanganya watu kuliko wanavyokubali. Ukiandika "kikao saa nane" mtu wa Dar anajua ni mchana, mteja wa Uingereza aliyejifunza kiswahili kidogo anafikiri ni 8:00, na mwenzetu wa Goma yuko nyuma yetu kwa saa moja. Tukiongea tunaongea saa zetu kama kawaida lakini kwenye maandishi ni tarakimu za masaa 24 na mji pembeni, "14:00 Dar, 13:00 Goma". Alafu kuna ile ya Uingereza kubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatubadilishi, kwaiyo duka likifungua 09:00 kwao, kwetu kipindi cha joto chao ni 11:00 na kipindi cha baridi ni 12:00. Mwaka wa kwanza hatukuweka kwenye kalenda, Jumatatu ile ya mwisho wa Machi tukaingia shifti saa sita wakati wateja wameshaanza kuandika tangu saa tano. Marekani nao wana tarehe zao tofauti, Machi wanatangulia na Novemba ndo wanarudisha, kama una mteja kule weka na zake.

Mambo ya ibada na familia yaingie kwenye ratiba tangu mwanzo mtu asiwe anaomba kila wiki kama fadhila. Ijumaa saa ya swala wanaoswali hawapangiwi simu. Ramadhani wanaofunga wanachagua wenyewe, wenzetu wa Mombasa wanapenda kuanza mapema wakishamaliza daku na swala, ile saa kichwa bado kiko sawa, wanamaliza adhuhuri, na sisi tusiofunga tunabeba jioni ya futari. Krismasi na Pasaka wao wanatubeba. Hatujawahi kugombana kwenye hili hata mara moja.

Sasa namna ya kutoa kazi. Huku ndo mabosi wengi tunaharibu halafu tunalaumu watu. Angalia meseji hii, niliiandika mimi: "Naomba ile ripoti ya wateja leo." Ripoti gani, ya wateja gani, leo mpaka saa ngapi, kwenye faili la namna gani? Ofisini mtu angeinua kichwa akauliza. Kwa mbali anaogopa kuuliza mara mbili asionekane hajui, anakisia, anakaa masaa matano anatengeneza kitu ambacho sio. Siku hizi naandika hivi:

"Naomba jedwali la malalamiko ya mzigo kuchelewa, kuanzia tarehe 1 mpaka 15 ya mwezi huu. Safu tatu tu: tarehe, mji wa mteja, tulichomjibu. Mteja wetu atalitumia kuongea na watu wa usafirishaji kesho asubuhi, kwaiyo nalihitaji 17:00 Dar. Likiwa limekamilika nusu ikifika saa hiyo nitumie hivyohivyo. Kama kuna kisichoeleweka niambie kabla ya 12:00."

Ni ndefu ndio, inanichukua dakika nne kuandika, lakini ona kilichomo: kitu gani, kinaishia wapi, cha nini, lini, na nini kifanyike kama hakijakamilika. Hiyo ya mwisho usiiache. Mtu aliyebanwa na muda kitu anachoogopa zaidi ni kuleta nusu, kwaiyo anakaa kimya mpaka amalize, na tunarudi palepale kwenye ukimya. Ukishamwambia nusu inakubalika atakuletea nusu kwa wakati na utajua la kufanya. Hivyohivyo na voisi, jamani voisi ni tamu kwa salamu na pole na kuchekeshana ila maelekezo ya kazi usitoe kwa voisi ya dakika tano, mtu wiki mbili baadaye hawezi kuitafuta, na mwenye mtoto mgongoni hawezi kuisikiliza hapo hapo.

Vikao tunavyo kimoja kwa wiki, Jumatatu nusu saa, na siku zingine kila mtu anaandika mistari mitatu asubuhi, jana nilifanya nini, leo nafanya nini, kitu gani kinanikwamisha. Mstari wa tatu ndo wa muhimu na ndo watu huuacha wazi. Niliwaelimisha kwa kuanza mimi mwenyewe, naandika "nimekwama, sijui namna ya kumjibu mteja huyu kuhusu hela yake, nani ana wazo", nikaandika hivyo karibu mwezi mzima kabla wengine hawajaanza. Na mtu akiandika kakwama lazima apate jibu siku hiyo, hata kama jibu ni "nimeona, nakupigia jioni". Akikwama mara mbili bila jibu hataandika tena.

Kusifia ni kwenye grupu, kwa jina na kwa kitu alichokifanya. Kurekebisha ni kwa simu, wawili tu, na unaanza na salamu na hali ya nyumbani kama mtu mwenye adabu, halafu unasema jambo lenyewe bila kuzunguka. Usirekebishe kwa maandishi. Maandishi hayana sauti, unachoandika kwa utulivu yeye anakisoma kama unafoka, na yanabaki kwenye simu yake anayarudia usiku. Mimi nina ushahidi wa hilo pale Mwanza.

Watu wananiuliza sana, sasa utajuaje kama wanafanya kazi kweli? Utajua kwa kazi. Kwetu tunaangalia vitu vitatu, mteja amejibiwa ndani ya muda tuliouahidi, jibu ni sahihi (kila wiki nachukua majibu kumi ya kila mtu bila kuchagua nayasoma yote), na tiketi ngapi zimerudi kufunguliwa tena kwa sababu mteja hakuelewa. Hiyo ya tatu haidanganyi. Zile programu za kupiga picha skrini ya mtu kila dakika chache na kuhesabu panya ya kompyuta imesogea mara ngapi nazipinga waziwazi. Kwanza kuna sheria, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na Kenya wana yao ya 2019, ukimpiga picha mtu skrini yake yenye meseji za mke wake na taarifa za benki umekusanya taarifa zake binafsi na unatakiwa uwe na sababu halali na umwambie. Pili mtu ukimpima kwa panya atakupa panya. Atakaa anaisogeza na mteja anasubiri.

Na sheria za kazi hazibaki mlangoni kwa sababu mtu yuko nyumbani kwake. Kwa Tanzania masaa ya kawaida yanaishia 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ya ziada ni kwa makubaliano na yanalipwa si chini ya mara moja na nusu, na kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, Kenya ni siku 21 za kazi. Naandika haya kwa sababu kwenye kazi za mbali mpaka kati ya kazi na nyumbani unapotea kirahisi sana, bosi anakumbuka jambo saa nne usiku anatuma, mtu anaona anajibu kwa sababu ni bosi, kesho na wengine wanajibu, mwezi wa tatu watu wote wako kazini mpaka wanalala. Mimi nikikumbuka jambo usiku naliandika nalipangia lijitume saa mbili asubuhi. Programu karibu zote zinaweza. Likizo nayo lazima uisimamie mwenyewe, mtu wa nyumbani haombi, anaona kama yuko nyumbani tayari, kwaiyo Oktoba napitia ratiba na aliyebakiza siku nyingi nampigia nampangia tarehe, na wiki hiyo tunamtoa kwenye grupu la kazi kabisa mpaka arudi.

Mtu mpya usimwache peke yake wiki mbili za kwanza. Mpe mwenza siku ya kwanza, wafungue simu ya sauti iwe wazi saa nzima asubuhi kila mmoja anafanya kazi yake, anauliza anapokwama bila kuandika meseji ya kuomba radhi. Ndo kitu cha karibu zaidi na kukaa meza moja nilichowahi kupata.

Mshahara tarehe ileile kila mwezi, ikiwa itachelewa hata siku moja sema kabla, na useme lini. Hapo ukimya ni wako wewe.

Na mtu akiondoka, muage. Siku yake ya mwisho paswadi zinafungwa, kompyuta inarudi kwa basi na nauli ya mzigo unalipa wewe, haki zake zinaingia siku hiyo au siku iliyoandikwa kwenye mkataba, hayo ni ya lazima. Ila kabla ya kumtoa kwenye grupu mpe nafasi aandike kwaheri na wenzake wamjibu. Yule dada wa Mwanza aliondoka mwaka jana amepata kazi nzuri zaidi, grupu lilikaa mpaka saa sita usiku watu wanamwandikia, mimi nikasubiri mpaka wamemaliza wote ndo nikamtoa.